Elbo Iliyopasuka ni Mali ya Kijiji

Bernado Magesa alikuwa mtu wa kuaminika mno, na hilo ndilo lililomponza. Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, watu wa ufukweni Bukima waligoma katakata kupanda mlimani, mpaka Bernado, katibu wa kijiji kipya, aliposimama juu ya jiwe akatangaza, "Huko juu maji yatawafuata mlangoni!" Watu wakafunga virago. Wa kwanza kufunga alikuwa mkewe Pelagia, mwana wa Kibara, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuishi mbali na ziwa.

Na maji yakaja kweli, tusimnyime haki yake. Mashine iliyavuta kutoka ziwani hadi kwenye tangi, tangi likayashusha kwenye bomba moja mbele ya ofisi ya kijiji. Ng'ombe akachinjwa, na mwenyekiti, Mzee Makongoro, akahutubia hadi nyama ikapoa. Haukupita muda, elbo ikapasuka. Elbo ni kipande cha chuma kilichokunjwa, cha kuungia bomba linapokata kona. Unakificha kiganjani na mtu asijue. Kidude hicho tu, na kijiji kizima kikarudi ziwani na ndoo kichwani.

Pelagia alivumilia weee, mwisho akachoka.

"Baba Esta," alisema akitua ndoo, "mimi kwa baba nilikuwaga nachota maji nyuma ya jiko. Wewe umenipandisha huku kwa maneno. Naenda Kibara. Bomba likitoa maji, njoo unichukue. Lisipotoa, usije."

Akambeba binti yao Esta, akashuka. Bernado aliusindikiza mgongo wake kwa macho mpaka ukapotea. Alimpenda sana mke wake, na hakuona aibu kusema hivyo.

Sasa, kununua elbo ni kazi ya mtu mmoja na nauli ya Musoma. Lakini kile kilikuwa kijiji cha ujamaa, ndugu yangu. Kazi ya mtu mmoja ingetoka wapi? Kamati ikaitwa.

"Tuagize ya ukubwa gani?" aliuliza Mzee Makongoro.

Bernado akasema mafundi waliolifunga bomba walikuwa wakiliita la nusu inchi. Ikaletwa rula kutoka shuleni. Wakalipima bomba kwa nje, mwenyekiti mwenyewe amekodoa macho. Lo! Karibu inchi nzima.

"Mnaona?" Mzee Makongoro alinguruma. "Walitaka kutupunja hawa! Sisi tuandikiwe nusu, kwani tumekosa nini?"

Kamati ikaazimia kwa kauli moja: inchi moja. Bernado naye aliinua mkono, maana rula ameiona kwa macho yake. Aliomba jambo moja tu, aende na ile elbo iliyopasuka ili muuzaji aitazame.

"Ndugu Katibu!" Mzee Makongoro alishtuka kama aliyeombwa kuuza shule. "Ile ni mali ya kijiji. Haivuki mpaka bila kibali cha wilaya."

Elbo ikafungiwa kabatini. Ufunguo akakabidhiwa katibu.

Kule Musoma, muuzaji wa vifaa, Jilala, alisoma barua ya kamati, akautazama mhuri, akatoa elbo ya inchi moja bila kuuliza swali. Bernado akapanda nayo mlima akipiga mluzi. Walipoivisha kwenye bomba, ikapwaya. Ungeweza kuizungusha kwa kidole kimoja. Meno ya kukazia, yale mafundi wanayoyaita uzi, wala hayakugusana.

Kamati ikakaa tena, na safari hii ikagawanyika. Hawa wanasema nusu, wale wanasema inchi ni inchi, rula haina ndugu. Makelele mpaka mbuzi wakakimbia. Hapo ndipo Mzee Makongoro alipoinuka taratibu, kwa sababu sasa wamefika kwenye fani yake. Pande zile zote, mahari yakikwama, anaitwa yeye. Upande wa binti ukitaka ng'ombe ishirini, upande wa kijana ukitoa kumi, yeye atawakutanisha katikati, na watu watakula wameridhika.

"Ninyi mnasema nusu," alisema kwa upole. "Ninyi mnasema moja. Ya nini tugombane? Tuchukue robo tatu, pasiwe na aliyeshinda wala aliyeshindwa."

Wakapiga makofi. Wengine walisema hawajapata kuona hekima kama ile. Bernado alitaka kusema neno, akaona nyuso zilivyochangamka, akalimeza.

Elbo ya robo tatu ikanunuliwa kwa barua yenye mhuri mkubwa zaidi. Nayo ikapwaya. Bomba lilikuwa halijahudhuria kikao.

Wiki ileile wachuuzi wa samaki aina ya ningu kutoka Kibara wakamletea Bernado salamu. Baba mkwe wake amesikia habari za bomba, na ameanza kuwatenga kwenye zizi ng'ombe wa mahari ili awarudishe. Bernado alikaa chini palepale. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha.

Asubuhi yake alifungua kabati, akatia elbo iliyopasuka mfukoni, akadandia lori la pamba.

Jilala aliipokea, akatwaa kipande cha bomba, akakizungusha ndani yake. Kikaingia bila ubishi.

"Nusu inchi," akasema.

"Lakini rula…"

"Rula mmepima nje. Bomba linaitwa kwa tundu la ndani, na hata hilo ni jina tu la tangu zamani. Hakuna anayeagizaga kwa rula. Watu huja na kile kilichoharibika."

"Sasa mbona hukuniambia zile mara mbili?"

"Aka! Ulikuja na mhuri. Mimi nibishane na mhuri, nina kazi ngapi?"

Bernado aliifunga elbo mpya mwenyewe, uzi ameuzungushia katani. Maji yakatoka kwa kishindo, wanawake wakapiga vigelegele. Yeye hakungoja hotuba. Alishuka mbio kutafuta mtumbwi wa Kibara, nguo zimelowa vilevile, na baba mkwe alipomwona alivyotota, akajua bomba limetoa maji, akawafungulia wale ng'ombe wa mahari warudi malishoni.

Waliporudi mlimani, Pelagia mbele na ndoo, Bernado nyuma na Esta mabegani, walikuta kamati imekaa palepale bombani ikimsubiri. Mzee Makongoro alisimama. Katibu ametoa mali ya kijiji nje ya kijiji bila kibali. Ni wizi, na mwizi wa mali ya umma hafai kuwa katibu. Maji, aliongeza, yameletwa kwa juhudi za kamati. Alieleza hayo kwa kirefu, jua likiwaka, mpaka sauti ikamkauka. Wajumbe wote wakanyoosha mikono kuafiki. Bernado akautoa ufunguo, akaurudisha, na elbo iliyopasuka akaiweka juu yake.

"Mama Esta," Mzee Makongoro akasema akikohoa, "hebu nipatie maji kidogo, mwanangu."

Pelagia akafungua bomba, akajaza kata, akapiga goti kwa adabu zote.

"Karibu, Mzee," akasema. "Ila ni ya wizi."

Mzee Makongoro aliyatazama yale maji. Akayanywa yote, akaomba tena.