Nsansa ya Mama Mkwe

Naikumbuka siku moja, mwanangu, mama mkwe wangu aliponisukumia sahani ya mboga, akageukia ukutani. Nilikasirika. Leo umekuja hapa kunieleza kwamba daktari amemkataza mumeo mafuta, ukasema chakula kisicho na mafuta ni sawa na kula nyasi, na kwamba kijiko kimoja hakimdhuru mtu. Kaa chini. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, tena kwa kujiamini kuliko wewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimeolewa hata mwaka haujaisha, kijiji kimoja cha Wasukuma karibu na Tinde. Nilikuwa mtoto wa mjini, mtaa wa Kambarage, binti wa Mmanyema mfanyakazi wa reli, na Kisukuma changu kilikuwa cha salamu tu. Mume wangu alikwenda kuchimba dhahabu Bulyanhulu, akaniachia mama yake aliyekuwa anasumbuliwa na tumbo. Daktari alisema ni nyongo, asiguse mafuta. Mume wangu aliyarudia maneno hayo kwangu mara mbili kabla ya kuondoka. Niliitikia, lakini moyoni nikasema mgonjwa bila mafuta atapata wapi nguvu.

Kwetu mjini mboga ilikuwa ya namna mbili, ya kuchemsha na ya kuunga. Ya kuchemsha ilikuwa ya wodini, au ya mtu aliyefilisika. Ya kuunga ilianza na kitunguu kwenye mafuta ya moto, na jirani akisikia harufu anajua nyumba ile ina mwanamke. Basi mama mkwe aliponiambia, kwa Kiswahili chake cha taratibu, leo nimuungie nsansa, nilifurahi mno. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa juani, mboga yetu ya kiangazi. Nikaona mgonjwa mwenyewe amezichoka amri za daktari.

Mafuta yalikuwa adimu, mwanangu. Ninyi hamjui kuingia dukani ukakuta rafu tupu na mwenye duka amekaa tu. Nilichukua doti ya khanga niliyopewa harusini, ambayo sikuwahi hata kuivaa, nikaibadilisha kwa chupa moja ya mafuta. Nikaunga nsansa ikang'aa. Mama alikula matonge matatu, nadhani kwa kunistahi, kisha akashinda amejikunja kitandani ameshika ubavu. Kesho yake akaomba tena nimuungie. Mimi, kwa akili zangu, nikaongeza mafuta, nikidhani ya jana hayakutosha.

Ndiyo siku aliyoisukuma sahani. Nikanuna. Nikaamini ananidharau kwa kuwa mimi si Msukuma. Wahenga wanasema kuuliza si ujinga, lakini nilikuwa na kiburi, na mwenye kiburi haulizi. Wiki tatu nilimwandalia mboga ile ile, naye, kwa kuchelea kuniaibisha, akawa anamega ugali mtupu, anateremshia maji. Nilimwona anavyokonda. Niliona mifupa ya mabega yake, mwanangu, na bado nikanuna.

Asubuhi moja aliniita, akanishika mkono, akanionyesha kikapu cha ukwaju kilichokuwa mlangoni. Kila siku nilikuwa nakiruka nikitoka kuchota maji.

"Mayu," akasema, yaani mama kwa lugha yao, "kwetu kuunga ni kwa bushishi. Ule ukwaju. Wewe umenipikia sifa yako, na mimi nilikuwa na njaa ya mboga."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniumiza. Nikaloweka ukwaju, nikachemsha nsansa mpaka ikalainika, nikachoma nyanya juu ya makaa nikaiponda humo pamoja na kitunguu, mwisho nikamiminia maji ya ukwaju. Harufu ikajaa nyumba nzima bila tone la mafuta. Mama akaonja, akafumba macho, akasema ndiyo yenyewe. Lakini tumbo lilikuwa limeshafunga. Tonge la pili lilimshinda. Siku ya nne tukamzika.

Watu hunifariji kwamba ugonjwa ungemchukua tu. Pengine. Lakini njaa ile nilimpa mimi. Mume wangu alifika kutoka machimboni tukiwa tumesharudi kutoka makaburini, akiwa bado na vumbi la mashimoni, akaniuliza jambo moja tu, kama mama alikuwa anakula.

Nikamjibu, "Alikuwa anakula vizuri."

Nimeishi naye miaka mingi baada ya siku hiyo, tukazaa, tukazeeka, na amekufa akiuamini uongo huo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshakuwa mtu mzima na bado naishi naye.

Basi sikia. Kitunguu kitie kwenye sufuria kavu, kikianza kushika chini kinyunyizie maji kidogo, utaona kinavyogeuka rangi chenyewe. Nyanya ichome kwanza. Dagaa wakaange bila kitu, uwatwange, uwanyunyize kwenye mchicha. Tangawizi na kitunguu saumu usivionee huruma. Ndimu na ukwaju viingie mwishoni, na chumvi uonje kabla ya kuongeza, maana kwenye ukali kidogo ulimi hauidai sana. Lakini hayo yote si kitu kama hujamuuliza mumeo yeye anataka ladha gani. Muulize hata kama unadhani unajua. Akiiacha sahani, usinune. Kaa karibu naye umuulize tena.

Mimi sina wa kumwomba radhi, wote wawili wako udongoni. Wewe bado unaye. Nenda, mwanangu, Mungu aibariki mikono yako na jiko lako, mzeeke pamoja, na mtu akikuuliza kama mumeo anakula, awepo mwenyewe wa kujibu.