Asilimia Thelathini na Saba kwenye Kompyuta ya Mama

Enzi zetu kompyuta ilivalishwa nguo. Wenzangu mliokulia Lanet, katika zile nyumba zenye sebule ndogo na viti vingi kuliko watu, mnanielewa bila kuelezwa. Chochote chenye thamani kilifunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono: makochi, redio, televisheni, hata mtungi wa maji ya kunywa. Kompyuta ilipofika kwetu, Mama alifuma seti nzima, rangi ya maziwa na maua mekundu pembeni. Kitambaa cha skrini, cha kibodi, na kikubwa kuliko vyote cha lile sanduku linalosimama wima, ambalo sote tuliliita sipiyu.

Baba ndiye aliyeileta. Alikuwa dereva wa lori la kubeba kabichi kutoka Kabazi, na ofisi moja mjini Nakuru, iliyokuwa ikibadilisha mashine zake, ilimpa moja kuukuu baada ya kuwasaidia kuhamisha meza. Aliifunga kwa blanketi akaiweka katikati ya kabichi, na kwa miezi kadhaa kibodi iliendelea kunuka shamba. Tulikuwa wa kwanza kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga kumiliki kitu kama hicho. Watoto waliacha kuruka bladda, ile kamba ya mpira, uwanjani wakaja kujaa mlangoni na mandazi mkononi, na Mama akawaambia, "Angalieni kwa macho, si kwa mikono."

Kuitunza nilipewa mimi. Nilikuwa darasa la saba na, sina budi kukiri, nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Nikikosea herufi moja kwenye daftari nilichana ukurasa na kuandika wote upya. Nikitumwa kufunga geti nilirudi mara tatu kuhakikisha kwamba nimelifunga. Mtu wa namna hiyo ukimkabidhi kompyuta katika mji wa vumbi kama Nakuru, umemtafutia ugonjwa. Wakati wa kiangazi, upepo ukianza mchana, ungeweza kuandika jina lako kwa kidole juu ya meza iliyopanguswa asubuhi. Niliipangusa sipiyu kila siku. Nilipima kwa rula mapindo ya kitambaa ili upande wa kulia ulingane na wa kushoto. Kisha nikaona hata hayo hayatoshi. Nilichukua ile nailoni iliyokuja na godoro jipya, nikaufunga mgongo wote wa sanduku, nikaacha matundu ya nyaya tu, halafu nikarudisha kitambaa juu yake. Mama aliona, akasema mbele ya wageni, "Huyu mtoto wangu anajua kutunza vitu." Wiki nzima nilitembea nikijiona mrefu.

Mama alikuwa mwalimu wa chekechea, na kila likizo alikwenda chuoni kusomea diploma. Ilibaki kazi moja ili amalize: mradi kuhusu jinsi watoto wadogo wanavyojifunza kuhesabu kupitia michezo, kuruka kamba, kupanga vifuniko vya soda, kucheza kalongolongo. Alikuwa ameuchapa kwa vidole viwili kila jioni baada ya kula githeri, akitafuta herufi kama anayechambua mchele. Kurasa sabini na nne, na zote zilikuwa ndani ya mashine ile, bila nakala popote duniani. Mama alikuwa amesikia kwamba flashi zinaambukiza virusi, kwa hiyo hakuna flashi iliyoruhusiwa kuvuka mlango wetu. "Hii mashine ni safi," alisema, "na itabaki safi."

Jumamosi moja, mradi ukitakiwa chuoni Ijumaa inayofuata, kompyuta ilikataa kuwaka. Skrini ilibaki nyeusi, na maandishi meupe ya Kiingereza yakatuarifu kwamba faili moja ya mfumo imepotea au imeharibika. Ndani ya sanduku kulisikika sauti ndogo, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Mama alisimama hapo na kikombe mpaka chai ikapoa. Hakupiga kelele. Natamani angepiga.

Jumatatu, baada ya shule, Baba alinichukua tukaipeleka kwa fundi mjini, kijana aliyekaa nyuma ya rundo la mashine zilizofunguliwa matumbo. Aliiwasha bila hata kuondoa kitambaa chake, akasikiliza, akaizima. Haikumchukua hata dakika tano.

"Mzee, hii mfumo imekufa na diski ngumu imechoka. Tufomati tu, iwe kama mpya."

"Na kazi ya mama watoto iliyo ndani?" Baba akauliza.

"Hiyo sahau, boss. Kufomati ni kufuta kila kitu."

Baba aliinua sanduku akalirudisha kwenye lori bila kuaga. Njiani aliniuliza jambo moja tu: "Wewe si ndiye unasoma kile kijitabu chake?"

Ndiyo, nilikuwa nimekisoma chote. Mwalimu wa kompyuta sikuwahi kuwa naye. Nilikuwa na kijitabu kilichokuja na mashine, kurasa zake zimeshikana kwa maji ya kabichi, pamoja na kamusi ya shule. Kijitabu kilisema kwamba kwa kutumia ile sidii iliyokuwa ndani ya bahasha yake, mtu anaweza kuweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani bila kufuta kazi zake, mradi achague mstari unaosema faili ziachwe kama zilivyo. Leo ningeichomoa diski kwanza na kunakili kila kitu kwenye mashine nyingine kabla ya kugusa lolote. Wakati ule sikujua kwamba jambo hilo linawezekana. Nilimweleza Mama.

"Jaribu," akasema. "Lakini ukiona neno la kufuta, kimbia."

Jumanne jioni nilianza. Kila ukurasa uliotokea niliusoma mara tano, kamusi ikiwa pajani. Nilipofika kwenye ule mstari wenyewe, kidole kilining'inia juu ya kibodi mpaka mkono ukaniuma, na Mama akawa amefumba macho kana kwamba anachomwa sindano. Nikabonyeza. Faili zikaanza kunakiliwa. Kumi. Ishirini. Thelathini. Asilimia thelathini na saba, kimya. Tik, tik, tik. Nikaanzisha upya papo hapo. Mara hii ikafa kwenye ishirini na mbili. Mara ya tatu haikufika hata kumi.

Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi nikafanya kile ambacho mtoto mwenye wasiwasi hufanya: nilichora jedwali. Saa, asilimia, maelezo. Jumatano asubuhi kabla ya shule nikajaribu tena, ikafika thelathini na nane. Nikaandika. Baba alikuwa mezani akinywa chai kabla ya safari, akachungulia daftari langu.

"Hii ni mashine au ni lori?" akacheka. "Ikilala inapata nguvu, ukiifuatanisha inakata. Yangu hufanya hivyo hivyo ikipanda kutoka Subukia na mzigo. Inachemka. Unaipumzisha, unafungua boneti."

Siku hiyo sikusikia hata somo moja shuleni. Saa kumi nilikuwa nyumbani, sare ikiwa bado mwilini, bisibisi ya Baba mkononi. Niliondoa kitambaa, na hapo sikuhitaji tena bisibisi kuona kosa liko wapi. Ile nailoni yangu ilikuwa imevutwa ikang'ang'ania mgongo wa sanduku, imeziba matundu yote ya feni, na plastiki yenyewe imekunjamana kwa joto. Niligusa chuma. Kilikuwa kimepoa, lakini nilikitoa kidole kama nimeungua. Sikuwa nimeizuilia mashine vumbi. Nilikuwa nimeinyonga.

Nitasema ukweli, maana mambo haya tunayaandika ili tuyatue. Wazo la kwanza lilikuwa kuitia ile nailoni motoni jikoni na kusema nimegundua tu. Nilifika nayo mpaka mlangoni. Mama alikuwa pale anamenya viazi.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyeiua."

Nikamweleza yote, kisha nikangoja. Alichukua nailoni, akaigeuza, akaona ilivyoiva, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Na mimi nikakusifu mbele ya watu," akasema. "Na mimi nikafuma blanketi juu yake! Tumeipika wawili, Njeri. Haya, tuipoze wawili."

Tulifungua ubavu wa sanduku wazi kabisa. Tukatoa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, maana vumbi lilikuwa limeingia licha ya heshima zote nilizoipa mashine. Mama akachukua kipande cha katoni, kile kile tulichopepea nacho jiko, akavuta kigoda na kuanza kupepea. Nikabonyeza.

Thelathini. Thelathini na tano. Kwenye thelathini na saba niliacha kupumua. Thelathini na tisa! Mama akapepea kwa mikono miwili. Hamsini. Baba akaingia na vumbi la Kabazi kichwani, akataka kuuliza, Mama akamwambia, "Wewe usiongee, shika katoni!" Sabini. Majirani waliosikia kelele wakaja dirishani, na kwa kuwa hakuna aliyejua tunashangilia nini, wote wakaanza kushangilia. Tisini na moja. Mia! Mashine ikajizima, ikajiwasha, ikapita hatua ya pili na ya tatu, na hatimaye ikatupa skrini safi, inayong'aa.

Na tupu. Mama aliacha kupepea.

"Kazi yangu iko wapi?"

Niliingia kwenye diski, folda kwa folda, mpaka nikakuta moja yenye jina la mtumiaji wa zamani, lile lile la ofisi iliyompa Baba mashine. Nikafungua. Ndani yake kulikuwa na faili moja iliyoandikwa MRADI WA MWISHO KABISA. Nikaifungua na kuteremka mpaka chini, na Mama akasoma sentensi ya ukurasa wa sabini na nne kwa sauti, polepole, kama anayesoma jina la mtoto wake katika orodha ya waliofaulu. Kisha akapiga vigelegele ambavyo nina hakika walivisikia hata kwenye kambi ya wanajeshi ya Lanet. Baba alitoka nje akapiga honi ya lori mara tatu.

Alhamisi Mama mwenyewe alivuka mlango na flashi mkononi, mpya, bado kwenye karatasi yake. Ijumaa mradi ulikuwa chuoni, umejalidiwa. Alifaulu. Na mimi, tangu wiki ile, sijawahi kujiuliza nitafanya kazi gani.

Siku hizi ninatengeneza kompyuta za watu majumbani, hapa Nakuru na mpaka Longonot nikiitwa. Vijana wa leo hawana wasiwasi. Ukiwaambia diski inaweza kufa wanakujibu, "Si kila kitu kiko kwa wingu?" kana kwamba hilo wingu la intaneti haliwezi kuondoka. Mfumo unajiweka wenyewe muda wa kunywa chai, na hakuna jirani anayekuja dirishani. Wiki iliyopita nilimwokolea kijana mmoja picha zote za arusi yake kutoka kwenye diski iliyokuwa inagonga. Nilipomwambia imekubali, alitoa sikioni kifaa kimoja cha muziki, akasema, "Poa, fundi," akakirudisha. Nilitaka kumtikisa. Nilitaka aone tulikotoka na mashine hizi, asilimia kwa asilimia.

Nilipotoka nikafika getini kwake, nilimpigia Mama. Amestaafu sasa, lakini bado ninampigia kila diski inaponusurika, na yeye bado huuliza swali lile lile kabla hata ya salamu.

"Ulifungua faili moja ukahakikisha?"

"Nilifungua zote, Mama."