Kampuni ya beti inasema mcheza ndege ni mimi, nyanya wa Sori

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni mama mzee wa hapa Sori, kando ya ziwa. Shule niliachia chini kabisa, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya, lisukumeni mahali pake muendelee. Lakini haya sikuhadithiwa na mtu. Yamenipata mimi, kwa nyumba yangu, na hasira bado iko.

Mniache niseme pole pole.

Kazi yangu ni omena, hao dagaa wa ziwani. Nanunua asubuhi maboti yakirudi, naanika juu ya nyavu kuukuu pale mchangani, na jua likikubali inakauka siku hiyo hiyo. Mvua ikiigusa imekwisha, hiyo utauzia watu wa chakula cha kuku. Ndiyo maana lazima mtu akae hapo. Anafukuza ndege, anaangalia mawingu.

Wakati wa likizo anayekaa hapo ni mjukuu wangu Ogola, yuko form three. Baba yake, mwanangu Joseph, anatengeneza injini za maboti kule Sindo. Alimwacha kwangu kwa sababu ya shule.

Sasa, Ogola ni jina la marehemu mume wangu. Kwetu Wajaluo mtoto akipewa jina la babu yake, nyanya anamwita mume. Ni utani, lakini si utani tu. Tangu akiwa mdogo namwita chwora, yaani mume wangu, na yeye akitoka shule anauliza, "Mke wangu, leo umenipikia nini?" Beach yote inajua. Mama Risper, mzee mwenzangu tunayeanika naye, humwambia, "Ogola, mkeo amezeeka huyo, oa mimi."

Na kijana alikuwa na masikio. Boti ikiwa mbali hujaiona, anakuambia hiyo ni injini ya nani na nini inaiuma. Nilijua atashika kazi ya baba yake.

Basi likizo iliyopita mvua ikatoka ziwani mchana. Mimi nilikuwa nimeenda kununua unga. Nikakimbia na hii miguu yangu, nikafika nimelowa.

Ogola alikuwa pale pale nilipomwacha, katikati ya omena. Hakuwa ameenda popote. Amepinda mgongo kama mwenye kuumwa tumbo, anafunika simu isinyeshewe. Omena inaogelea, yeye anaangalia kandege kadogo kanapanda kwa kioo.

"Chwora," nikamwita. Hakugeuka.

Nikamwita tena. Akasema, "Ngoja, dana, inapanda."

Dana ndiyo nyanya. Lakini niambieni, ni nini kilikuwa kinapanda? Mali yangu ilikuwa inaoza mbele ya macho yake, na mvua inamtiririka kwa shingo.

Mama Risper ndiye alinieleza tukikusanya ile iliyobaki. Huo ni mchezo wa kubeti. Unaweka pesa, ndege inapaa, ukichelewa kutoa inatoroka nayo. Mjukuu wake Felix alianza hivyo hivyo. Felix aliacha shule, leo ako Masara anabeba mawe kwa mashimo ya dhahabu, na anachopata kinaingia kwa hiyo ndege kabla hajanawa mikono. Mama Risper alisema hivyo akiangalia chini. Huyo mama huwa haachi mzaha hata matangani, siku hiyo hakuwa na mzaha.

Nikaanza kuogopa. Nilimwona Ogola wangu na gunia la mawe mgongoni.

Haukupita muda, gari la kampuni moja ya beti likafika beach na spika kubwa kama kabati. Wanapiga muziki, wanagawa kofia na T-shirt. Watoto wa primary wamejaa hapo mpaka wengine wamepanda mitumbwi waone. Nikamfuata kijana aliyeshika maikrofoni nikamuuliza, "Mwanangu, mbona mnachezesha watoto kamari?"

Akanishika bega, akacheka vizuri tu. "Mama, sisi hatuna mtoto hata mmoja. System haiwezi kukubali. Wateja wetu wote ni watu wazima, wana vitambulisho."

Akanivalisha kofia. Nikaivua, nikaiweka juu ya spika yake, nikaenda zangu. Lakini nilikosa jibu, na hiyo ilinikera kuliko kofia.

Jibu lilikuja lenyewe.

Shule zilifunguliwa. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hivyo Ogola huficha yake chini ya godoro. Nikiwa nafagia, ikalia. Nikashika.

"Naongea na Dorsila Aloo?"

Hilo ni jina langu, vile liko kwa kitambulisho. Nikasema ndiyo mimi.

"Mama Dorsila, napiga kukushukuru," akasema msichana, sauti tamu. "Wewe ni mmoja wa wateja wetu waaminifu sana. Ila tumeona siku hizi mchana huchezi. Kuna shida?"

"Sichezi nini?"

"Ndege, mama."

Wakuu, mimi ni Msabato. Hata karata sijawahi kushika. Na huko Nairobi kuna mtu amekaa kwa kiti, kazi yake ni kuona kwamba Dorsila wa Sori hachezi mchana, na inamsikitisha. Mchana hachezi kwa sababu yuko darasani! Walijua saa ambazo mtoto anakosekana. Kitu kimoja tu ndicho hawakutaka kujua, kwamba ni mtoto.

Ogola aliporudi jioni sikumpigia kelele. Nilimwambia tu, "Rafiki zako wa ndege wamenipigia." Akakaa chini, akasema yote.

Alipoingia form one alihitaji laini ya kuongea na baba yake. Hana kitambulisho, ni mdogo. Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa duka la simu la Maurice, nikatoa changu, laini ikasajiliwa kwa jina langu. Hapa kila nyanya amefanya hivyo. Wazazi wako mbali, mtoto anataka laini, utafanyaje? Laini ya Felix iko kwa jina la Mama Risper. Zile za Steve na Collins ziko kwa jina la nyanya yao Yunia.

Mmeelewa sasa wale "watu wazima" wa kijana wa spika ni akina nani? Ni sisi. Kwa system yao hakuna mtoto wa Sori anayecheza. Wanaocheza ni nyanya zao.

Nilimwambia Ogola, "Nenda ukale, Brian." Brian ni jina lake la shule. Kwangu halikuwa limewahi kutumika. Alinitazama kama nimemwagia maji, akala ameinamisha kichwa. Na kuanzia siku hiyo akawa Brian.

Kesho yake tukaenda kwa Maurice, mimi, Mama Risper na Yunia, kila mtu na kitambulisho chake mkononi. Tukamwambia, tuangalizie nani amesajiliwa nini. Maurice akabonyeza, akabonyeza, akaanza kucheka. Laini zilizokuwa kwa jina la Yunia zilizidi wajukuu wake.

"Nyanya, hizi laini zote unapigia nani?"

Yunia akamwambia, "Mimi nina kasimu kamoja na hakana betri. Ulizia shetani."

Nikamuuliza Maurice ile akaunti ya ndege inafungwa vipi. Akasema lazima mwenye akaunti apige mwenyewe, aulizwe maswali. Nikasema vizuri, mwenye akaunti si ni mimi?

Jumapili tukakaa mchangani kando ya nyavu, mimi na Brian, simu katikati yetu imewekwa sauti kubwa. Nikawapigia, akashika msichana. Jina, nikasema. Namba ya kitambulisho, nikasoma.

"Asante, mama. Na jina ulilochagua kutumia ukicheza ni lipi?"

Hapo nikakwama. Sikujua kuna jina lingine. Nikamwangalia kijana. Yeye anaangalia mchanga, anauchora na kidole.

"Mama? Ukikosa hilo, akaunti itabaki wazi."

Sikumsukuma kijana. Angenyamaza tu, ingebaki wazi, na mimi nisingekuwa na la kufanya. Alijua hivyo, na mimi nilijua. Nikamwona Felix na mawe yake.

Kisha akasema, sauti ya kunong'ona, "Chwor Aloo."

Mume wa Aloo. Hilo ndilo jina alilokuwa anachezea kamari. Nikalirudia kwa simu.

"Sahihi, mama. Ila kabla sijafunga, tumekuwekea zawadi. Utacheza bure wiki nzima. Nikuwekee?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari kumtukana. Lakini kijana aliinamia simu, akasema yeye, "Funga."

Msichana akashtuka. "Mama, huyo ni nani hapo?"

Nikasema, "Ni mume wangu."

"Sawa, mama." Akafunga.

Kijana akainua kichwa akaangalia ziwa, upande ambao mawingu hutoka. Mimi sikuwa nimeona kitu.

"Mke wangu," akasema, "mvua hiyo." Na akawa tayari amesimama, anakunja wavu wa kwanza.

Omena hiyo haikulowa.

Siwadanganyi kwamba amepona. Bado mkono unatafuta mfuko tukikaa. Nimempelekea Joseph taarifa, na likizo ijayo kijana ataenda Sindo kushika spana. Felix bado ako Masara. Mama Risper alifunga ile laini iliyo kwa jina lake, Felix akapata nyingine kwa nyanya wa rafiki.

Nilichojifunza ni hiki. Watoto wetu hawaibiwi na mwizi wa kuvunja mlango. Ufunguo tuliutoa sisi wenyewe, tukidhani ni laini ya kuongea na baba. Na yule wa spika anajua. Akisema ana watu wazima tu, muulize hao watu wazima wanasoma darasa gani.

Nyinyi mlio na mama mzee nyumbani, nendeni na kitambulisho chake muulize ni laini ngapi ziko kwa jina lake, kisha mje mniambie hapa mlichokuta. Na wewe unayetaka kuniambia vijana waachwe wajitafutie, andika pia, nitasoma. Lakini anza kwa kutuambia jina la nyanya yako.