Mama Niliyemchukulia Kazi Yake Bado Ananifundisha

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana ofisini kwetu ukurasa huu unasomwa kuliko barua za kazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Mombasa, naishi Woodley na mama yangu. Nafanya kazi Westlands. Madaktari wa hospitali moja Uingereza hurekodi barua za wagonjwa kwa sauti, nasi tunazichapa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya akina mama wa kule kule. Ikaletwa huku kwa sababu sisi tunalipwa kidogo.

Mmoja wa akina mama hao anaitwa Pamela. Kabla ya kuachishwa kazi aliagizwa ajibu maswali yangu kwa barua pepe. Ofisini tumepewa majina ya kizungu, mimi ni Susan, basi Pamela anaamini niko pale pale hospitalini kwao. Sikumsahihisha.

Kuna daktari mmoja mzee anayeongea kama ana ugali moto mdomoni. Pamela peke yake ndiye anayemwelewa. Hata baada ya yeye kuachishwa niliendelea kumwandikia ninavyosikia na kumwuliza, miezi minane sasa, naye anajibu bure na kuniuliza kama nimekula. Kwa msaada wake nimepandishwa cheo. Bosi husema mbele ya watu, "Huyu dada ana masikio!" Mimi natabasamu huku najiona mwizi.

Juzi Pamela aliandika: "Susan mpenzi, nimepata kazi dukani, wanataka jibu Ijumaa. Nitaikataa. Nikiona maswali yako najua bado wananihitaji, watanirudisha tu."

Nililia chooni. Hakuna wa kumrudisha. Mwezi ujao hata kazi ya wenzake waliobaki inaletwa huku, na mimi ndiye nitakayewafundisha wafanyakazi wapya.

Nilimweleza rafiki yangu wa ofisini, akacheka. "Wacha ujinga! Kwani uliiba? Si ni wao wenyewe walileta hii kazi? Na ukimwambia, huyo mzee utamsikiaje?" Mama yangu naye, nilipomweleza nyumbani, akasema, "Mwanangu, mtu wa watu huyo. Mwambie, umemtumia vya kutosha."

Leo ni Jumatano. Mara tatu nimeanza kumwandikia ukweli, na mara tatu nimefuta. Halafu saa tisa nikamtumia swali jingine la yule daktari. Amenijibu papo hapo.

Ndugu zangu, kabla ya Ijumaa nimwandikie nini mama huyu, na chini niweke jina gani?