Kulala Tanga Bila Mgonjwa

Mke wangu ameolewa na mtu asiyetulia. Hili analisema mwenyewe, tena mbele ya wageni, kwa sauti ile ile ambayo wanawake wengine hutumia kueleza kwamba mume ana kisukari. Tumekaa Babati, tumekaa Same, tumekaa Mikumi, na kila tulipohama yeye alipanda basi amepakata sufuria huku godoro letu likipigwa na upepo juu ya keria. Sasa tuko Horohoro, mpakani. Mimi nashona maturubai ya malori yaliyochanika, yeye anawapikia madereva chai na chapati. Wote wanaokula kwake wako safarini. Anawafungia za njiani kwenye karatasi, anawaombea heri, kisha anarudi kwenye moshi wake.

Mwaka huu, Pasaka ilipopita, akaniambia, "Mimi nataka kusafiri."

"Tunahamia wapi?" nikauliza, na nadhani furaha ilinitoka usoni kabla sijaizuia.

"Hatuhami. Nataka kwenda mahali, nikae, nirudi. Nishike mkoba tu."

"Mahali gani?"

"Tanga. Nilale hotelini, niamke niitazame bahari, na chai aniletee mtu mwingine. Halafu tupande Lushoto kwa wale watawa wa zabibu."

Habari za watawa alizipata kwa dereva mmoja aliyepeleka mbolea huko. Alimweleza kwamba ukishapita Soni, juu milimani, kuna watawa wanaolima zabibu na kukamua divai wenyewe, na mtu yeyote anaweza kwenda akazungushwa shambani, akaonjeshwa. Mke wangu ni Mkatoliki wa Singida. "Tangu komunyo ya kwanza namwona padri anakunywa peke yake," akasema. "Na mimi nataka kujua kuna nini mle."

Nikamwambia mipango aniachie mimi. Hiyo ndiyo nchi yangu. Baba yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, nami nimezaliwa kambini, huko chini ya Muheza. Kwa siku kadhaa nilikuwa nashona turubai huku nikipanga kichwani, na nilipomaliza nilimsomea mke wangu ratiba kama katibu wa mkutano. Tukifika Tanga tutaanza na shule niliyosoma, tuone kama lile bomba la uani bado linavuja. Kutoka hapo tutateremka Kigombe, ambako baba alizoea kunituma samaki. Kisha kambini, kuangalia kama chumba chetu bado kina mlango. Kisha Amani, ambako niliwahi kufanya kibarua cha kupanda miche msituni, na miti yangu lazima sasa imekuwa mirefu.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Na bahari?"

"Utaiona Kigombe."

"Na kuamka hotelini?"

"Utaamka, ila mapema kidogo, maana gari la Amani linaondoka alfajiri."

"Mume wangu, hii safari ni yangu au ya marehemu baba yako?"

Tukapunguza. Ikabaki hoteli ya Raskazone, ile sehemu ya Tanga yenye upepo na ufukwe, kisha Lushoto. Nikapiga simu, nikaweka chumba. Mke wangu akanunua mkoba. Kwa hesabu yangu, mipango ilikuwa imekamilika.

Iliharibikia kwenye kuku. Jioni mke wangu alikwenda kwa jirani yetu, bibi mmoja wa Kidigo mwenye mbuzi wengi, ambaye hata maofisa wa forodha humpa shikamoo kabla ya kumuuliza amebeba nini. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika debe la pumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mbona mwaja wawili?"

"Tunaomba utuangalizie kuku. Tunakwenda Tanga."

"Mtarudi na basi la mchana?"

"Hapana, tutalala."

Bibi akaacha kukamua mbuzi. Inabidi nieleze kwamba Horohoro ni karibu na Tanga kiasi kwamba mtu huenda asubuhi na kurudi na samaki bado wabichi. Anayelala huko ana sababu, na sababu zinazojulikana ni wodi, mahakama na msiba.

"Mtalala kwa nani?"

"Hotelini," nikasema mimi, kwa fahari.

"Hotelini!" Akamtazama mke wangu kwa huruma, kuanzia kichwani, akashukia tumboni, akakaa hapo. "Kumbe hospitali vitanda vimejaa."

"Bibi, haumwi mtu," mke wangu akasema. "Tunakwenda kustarehe tu. Tukitoka Tanga tunapanda milimani, kwa mapadri."

Hilo la mapadri ndilo lililotumaliza. Bibi alipachika kidole mdomoni, akanisogeza pembeni na kuninong'oneza, "Baba, hata maombi? Imefika huko?"

Asubuhi yake mke wangu alikuwa mgonjwa Horohoro nzima. Madereva walikuja kunywa chai na kumwambia asisimame. Mmoja alimpokonya mwiko, akaunguza chapati tatu kwa nia njema. Uji wa mchele uliletwa, ukaletwa mwingine. Watu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo walikuja kusali rozari, na walipokuwa wanatoka walipishana mlangoni na wanawake wa madrasa waliokuja kusoma dua. Kila nilipojaribu kueleza, watu waliniitikia taratibu, kama anavyoitikiwa mtu anayeongea kwa sababu hajalala.

"Tunakwenda kutazama bahari tu," nilimwambia fundi wa pikipiki.

"Sawa, kaka," akasema, akanishika bega. "Kaza moyo."

Mke wangu alivumilia siku mbili. Jioni ya pili aliketi kitandani, mkoba mpya mapajani, akasema, "Futa hoteli."

"Kwa nini?"

"Nitalalaje huko na watu wananisomea dua? Nikirudi nimenenepa, nina rangi nzuri, nitawaambia nini? Watasema niliwalia uji wao bure. Maisha yangu yote nasafiri kwa sababu yako. Mara moja tu nataka kusafiri kwa sababu yangu, na hiyo nayo imegeuka ugonjwa."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Alikuwa anaurudisha mkoba kwenye mfuko wake wa nailoni, polepole, anakunja na vile vikaratasi vya ndani.

Hapo ndipo bibi alipobisha hodi. Alikuwa amevaa leso mpya, na mkononi ana chupa ya chai, bakuli lenye mfuniko na mkeka uliokunjwa.

"Nimejiandaa," akasema. "Kesho naja nanyi."

"Unakuja wapi, bibi?"

"Hospitali. Wewe mwanamume, wodi ya wanawake utaingiaje? Nani atamwosha? Nani atamgeuza? Nimeshaongea na mwanangu, atawachunga mbuzi."

Mke wangu akasimama, akamkalisha kwenye kiti. "Bibi, nitazame. Naapa kwa Mungu wangu na wako, siumwi hata ukucha. Nimechoka kupikia watu, nataka nikakae ufukweni. Na huko milimani hakuna maombi, kuna zabibu. Nataka kuonja divai. Basi, ni hilo tu."

Nilisubiri bibi akasirike, maana uji wake mwenyewe ulikuwa bado mezani.

"Kukaa tu?" akauliza.

"Kukaa tu."

"Bila kumwuguza mtu?"

"Bila."

Bibi aliweka bakuli chini. "Mimi Tanga naijua," akasema. "Nimepasuliwa Tanga, mtoto akatolewa. Marehemu mume wangu nilimwuguza Tanga mpaka nikawajua manesi kwa kikohozi. Nimekwenda kutoa ushahidi wa shamba. Lakini Raskazone hiyo naisikia redioni." Akafikiri. "Na hiyo divai kwetu haramu."

"Ndiyo, bibi."

"Lakini zabibu zenyewe, kuzila?"

"Zabibu ni tunda, bibi," mke wangu akasema.

Kisha akanigeukia. Namjua mke wangu. Macho yale niliyaona siku aliyokataa kuhamia Tunduma.

"Wewe Raskazone umefika?"

"Nimejifunzia kuogelea pale, nilipokuwa..."

"Lushoto?"

"Nilikaa kabla hatujaoana, nilikuwa na rafiki mmoja..."

"Kwa hiyo umeona."

"Nimeona, lakini..."

"Na kuku wanahitaji mtu."

"Na mbuzi," akasema bibi haraka. "Yule mwanangu si wa kutegemea."

Wakaondoka asubuhi. Mke wangu alishika mkoba tu. Bibi alitaka kubeba mkeka, akaambiwa hoteli ina vitanda. Akakubali kuuacha, lakini chupa ya chai hakuachana nayo. Mashabiki wa ugonjwa walijaa kituoni kuwasindikiza, na mke wangu aliwapungia dirishani akicheka meno yote nje. Mwanamke mmoja kando yangu alilia. "Ona anavyojikaza," akasema.

Siku ya nne mke wangu alinipigia kutoka milimani. Nilikuwa nafukuza mbuzi kwenye maturubai ya watu.

"Divai ikoje?" nikauliza.

"Chungu kidogo, halafu inakuwa nzuri. Sasa namwelewa padri."

"Na bibi?"

"Amekula zabibu mpaka mtawa ameficha kapu. Sasa anamfundisha kukamua mbuzi. Anasema wanakosea."

Nikasikia nyuma yake bibi anacheka, kicheko ambacho katika miaka yetu ya ujirani sikuwahi kukisikia. Nikauliza wanarudi lini.

"Bado hatujapanga," akasema mke wangu.