Lori Lisilo na Tairi la Spea

Mjini Kahama ukisema umechagua gari, mtu wa kwanza atakuuliza ni la tani ngapi. Magari tunayochagua sisi hukaa juu ya kisahani cha chai. Ni vifaru, magari ya deraya na malori ya jeshi, yote ya plastiki, yamepunguzwa mara thelathini na tano, na huja yakiwa vipande vipande ndani ya boksi ili uyaunganishe mwenyewe kwa gundi na subira. Gundi ninayo.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Chumba changu kiko Nyahanga, hapa hapa mjini, na kina rafu mbili: ya juu ina mataya ya plasta ya wateja, ya chini ina vifaru. Wateja huziangalia rafu zote mbili, kisha hukaa kiti cha karibu na mlango. Kijana wa vifurushi pale stendi aliwahi kulitikisa boksi langu, akasikia vipande vinagongana humo ndani, akaniambia kwa huruma ya kweli kuwa kifaru changu kimevunjikia njiani. Nilimwambia huwa kinakuja hivyo hivyo. Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa asiyejua.

Tuko wanne. Wa pili ni fundi wa malori makubwa ya mgodini huko Geita, yale ambayo tairi lake peke yake limemzidi mtu urefu. Yeye anasema anapenda modeli kwa sababu ni gari ambalo likidondoka linaumia lenyewe. Wa tatu ni mama mwenye saluni Buseresere, ambaye kwa kupaka wanawake rangi za kucha amepata mkono usiotetemeka hata akipigiwa honi sikioni. Vumbi tunalopaka magari yetu yaonekane yamechakaa analichunga yeye, udongo mwekundu wa kwake, kwa soksi ndefu ya kike. Ndiyo maana magari yetu yote, hata yale yaliyopigana kwenye theluji, yanaonekana yametoka kununua mchele Kagongwa.

Wa nne anatoka huko huko Kagongwa. Ni mzee wa mpunga, dereva mstaafu wa jeshi, na ndiye pekee kati yetu aliyewahi kukaa ndani ya gari la kijeshi. Sisi wengine tulijua magari hayo kwa kusoma.

Kila Januari tunakutana kwangu kuchagua gari la mwaka. Kila mmoja anakuja na boksi moja la modeli mpya, iliyotoka karibuni. Siku hiyo halijengwi. Linafunguliwa tu, vipande vinapita mkono kwa mkono, mwenye boksi analitetea, halafu tunapiga kura kwa punje za dengu. Kila mtu ana punje tatu, na haruhusiwi kuweka zaidi ya mbili kwenye kifuniko cha boksi lake, kwa kuwa tunafahamiana. Boksi lililoshinda tunalijenga pamoja, na gari likikamilika linazunguka kwenye nyumba zetu, mwezi hapa, mwezi kule. Yaliyoshindwa, kila mtu anarudi na lake kwake akalijenge peke yake na uchungu wake.

Mwaka ule fundi wa mgodini alileta gari la deraya la magurudumu manane, la kisasa, lenye vipande vya shaba vyembamba kama ganda la kitunguu. Alilitetea kwa dakika arobaini. Mama wa saluni alileta kifaru kinachobeba daraja mgongoni, akasema kwa kifupi kwamba daraja linakunjuka. Mimi nilileta mzinga wa kutungulia ndege wenye minyororo ambayo kila pingili inaunganishwa peke yake. Nilieleza ubora wa kila pingili. Mama akaomba chai.

Mwisho kabisa mzee akafungua boksi lake mezani. Ndani mlikuwa na lori. Lori la kawaida la kubebea askari, la turubai, lisilo na bunduki wala chochote cha kumvutia mtu mwenye akili ya modeli.

"Hili nililiendesha," akasema. "Miaka yote hii nangoja walitengeneze. Sasa wamelitengeneza."

Akachukua karanga moja, akaitafuna, kisha akatuambia kuwa ana presha ya macho. Daktari amemwambia dawa itaichelewesha tu, haitairudisha nuru iliyokwisha kwenda. Peke yake hawezi tena kuunganisha kitu kidogo. Kama tutalijenga wote mapema, basi ataliona. Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayosemea bei ya mbolea, akachukua karanga nyingine.

Ningependa kuandika kwamba nilimpa punje zangu zote. Nilimpa sifuri. Mbili niliziweka kwenye mzinga wangu, moja kwenye daraja la mama. Nilijiambia kura ni ya modeli, si ya macho ya mtu. Lori likashinda hata hivyo, kwa punje tano: mbili zake, mbili za mama na moja ya fundi wa mgodini, ambaye alikuwa akipangusa pua na kusingizia harufu ya gundi. Hakuna aliyekuwa amefungua gundi.

Februari tukaanza. Hapa lazima nieleze sheria yetu. Juu ya meza yangu nilikuwa nimebandika maandishi kwa herufi kubwa: KARATASI NDIYO MWAMUZI. Maana yake ni karatasi ya maelekezo inayokuja na boksi. Tuliiweka baada ya ugomvi wa mlingoti wa redio uliotufanya tusisalimiane tangu Pasaka hadi mavuno. Tangu siku hiyo karatasi ikisema, mjadala umefungwa. Mimi ndiye niliyeipendekeza sheria hiyo, nikaiandika, nikaibandika, na nikawa polisi wake.

Karatasi ya lori ilisema, hatua ya kumi na nne, kwamba nyuma ya kibanda cha dereva kuna kibebeo cha chuma, na ndani yake kunakaa tairi la spea. Nilikuwa nimelishika tairi kwa koleo, gundi tayari.

"Hilo usiweke," mzee akasema. "Langu halikuwa na spea. Kibebeo kilikuwepo, kitupu."

"Karatasi inaonyesha tairi, mzee."

"Naijua karatasi. Nakuambia lori langu."

"Mzee wangu, ni miaka mingi," nikasema. "Labda umesahau."

Fundi wa mgodini akaangalia dari. Mzee alikuwa ameinamisha uso karibu kabisa na meza, kwani ndivyo alivyoona siku hizo. Kisha akanyooka, akapapasa kofia yake, akaivaa.

"Haya, ng'wanawane," akasema, kwa Kisukuma, yaani mwanangu. Akatoka kwenda kutafuta usafiri wa Kagongwa.

Nikaligandisha tairi. Niliikaza kazi ile vizuri sana. Gundi yetu haishiki tu, inayeyusha plastiki mbili zikawa moja, na mimi ni mtu ambaye meno anayotengeneza yamekula mahindi ya kuchoma miaka kumi bila kulegea.

Machi mzee hakuja. Aprili tulipompigia simu alisema anapalilia. Mei alisema ndege wanamsumbua mpungani. Mama wa saluni alinisikiliza nikieleza kwa mara ya tatu kwamba kisheria nilikuwa sahihi, akaosha brashi yake, akaifuta.

"Wewe fundi wa meno," akasema, "umemsahihisha mtu mzima maisha yake mwenyewe, kwa karatasi ya boksi."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa wiki mbili hivi, nikiwa nasaga meno ya watu, mpaka siku moja nikagundua kuwa sina mtu wa kumkasirikia zaidi yangu mimi. Julai nikaenda Kagongwa.

Nilimkuta barazani kwake akipukuchua karanga, ungo mapajani. Nilisimama mbele yake, hatua tatu hivi, mchana kweupe. Akainua uso upande wangu, akangoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ahaa, ni wewe wa meno," akasema, na ndipo nilipojua kuwa hakuwa ameniona. Mkewe akaniletea kiti. Nikauliza hali ya macho. Akasema mwanga anaupata na mtu akipita anaona kivuli, ila vitu vidogo vimekwenda tangu mwezi wa tano. Hata simu anapigiwa namba na mkewe.

Tangu mwezi wa tano. Lori lilikuwa kwenye rafu yangu tangu mwezi wa pili, likikosa rangi na turubai tu, kazi ya wiki tatu, na sisi tuliliacha hapo kwa sababu hatukujua tumalizeje bila yeye. Macho ya mtu yalikuwa yanahesabu siku, na siku zenyewe nilizila mimi kwa ajili ya tairi la ukubwa wa kifungo cha koti.

"Nimekuja kuuliza," nikasema. "Lile tairi lilikwenda wapi?"

Akaendelea kupukuchua kidogo, kisha akanieleza. Ilikuwa wakati wa vita, masika, barabara imekuwa uji. Spea waliitumia siku ya kwanza. Njiani wakapakia majeruhi mpaka nyuma kukajaa, na mbele, kando yake, wakalazwa wengine wawili. Utingo wake akakosa mahali pa kukaa. Basi akaingia kwenye kile kibebeo kitupu cha tairi, akakunja magoti, uso ameuelekeza kwenye kidirisha cha nyuma ya dereva. Alisafiri hivyo siku mbili, mvua yote yake. Majeruhi akizidiwa, utingo anagonga kioo mara moja, gari linasimama. Mara mbili, twende. Pasipo na la kugonga, alimpigia soga dereva asisinzie.

"Alifika?" nikauliza, nikijiandaa kwa jibu baya.

"Alifika. Akaja kumwoa dada yangu." Akapuliza maganda ya karanga. "Alifariki mwaka juzi, kisukari. Nilikuwa nataka nipaone pale alipokuwa anakaa. Lori lenyewe sina haja nalo sana."

Nikaomba msamaha. Akasema yameisha, nile karanga. Nikala karanga.

Nilirudi Nyahanga nikaweka msumeno wa kukatia meno kwenye lile tairi. Lilikataa kutoka. Kazi yangu nzuri ilinichukua siku nzima kuiharibu, na pakabaki kovu ambalo nililing'arisha kwa dawa ya kung'arishia meno ya bandia. Kisha nikachonga mtu. Plastiki niliyokuwa nayo ni ile ya pinki tunayotengenezea fizi, hivyo utingo alizaliwa wa pinki, urefu kama wa jino la mbele na mzizi wake, magoti yamekunjwa. Mama wa saluni akampaka rangi ya mtu. Lori akalipaka kijani alichokitaja mzee Januari, cha mgomba uliotoka kunyeshewa, ambacho wakati ule nilimjibu kuwa hakina namba kwenye karatasi. Fundi wa mgodini akashona turubai kwa kitambaa cha leso yake.

Agosti tukaenda wote watatu. Lori lilisafiri ndani ya boksi la meno, limezungushiwa pamba. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya mapaja, akaanza kulisoma kwa vidole kuanzia mbele. Alipita boneti, akapita mlango, akafika nyuma ya kibanda. Kidole kikasimama.

Kilimkuta mtu. Kikampapasa kichwa, mgongo, magoti. Kikaenda kwenye uso, kikapima unatazama wapi.

"Ananitazama mimi," mzee akasema.

"Ndiyo."

Akagonga kile kidirisha kwa ukucha, mara mbili. Mama wa saluni akatoka nje akaangalie kuku wa watu.

Mzee aliendelea na safari yake mpaka nyuma, akarudi tena mbele, akalikagua bampa.

"Hapa lilikuwa limebonyea. Niligonga kisiki."

Miezi sita nyuma ningemwambia karatasi inaonyesha bampa lililonyooka. Nilifungua mkoba wangu wa kazi, nikatoa taa ya spiriti na kisu cha nta, nikawasha. Kisu kilipopata moto nikalichukua lori kutoka mapajani mwake. Harufu ikamfikia.

"Unachoma nini?"

"Nabonyeza bampa. Ni upande gani?"

"Kulia."

"Kulia kwako ulivyokaa hapo, au kulia kwa lori?"

Alifikiri. Mikono yake miwili iliinuka taratibu kutoka mapajani, ikashika usukani ambao haukuwepo, na kichwa kikageuka kidogo nyuma, kwenye kidirisha cha utingo.

"Kulia kwangu," akasema. "Mimi ndiye dereva."

Nikabonyeza pale aliposema.