Kamba Barabarani Murara

Siku ya kwanza kazini nilipewa mira, ule ubao mrefu wenye namba za mita, nikaambiwa nisimame wima kando ya barabara ya Kibati, nisitikisike. Shefu wa brigadi, mkuu wa kundi letu la wapimaji, alikuwa mbali, jicho kwenye nivo, darubini ya miguu mitatu inayosoma wapi ardhi inapanda na wapi inashuka. Inzi akatua puani mwangu. Nikapiga chafya.

"Kasereka!" akapaza sauti. "Umenizalia mulima!"

Nilicheka mpaka mira ikaanguka.

Miaka ikapita, nikakabidhiwa nivo, hatimaye nikawa shefu wa brigadi mwenyewe. Lakini kazi ninayoisimulia mara nyingi ni ya mtaa wa Murara.

Injeniya mukubwa alituletea plani ya barabara ya njia nne. Mimi ndiye niliyepaka misalaba myekundu kwenye kuta za kuvunjwa, na hakuna aliyeniamkia siku hiyo. Watu wakaomba kikao katika sali, ule ukumbi wa parokia. Papa Muhindo, dereva wa lori la Butembo, akaanza.

"Mimi naitaka hiyo barabara. Viazi vinaniozea hapa, niko nasimama tu nyuma ya pikipiki."

Wakamzomea, ingawa alisema kweli. Ndipo Mama Kavira, muuza maharagwe, akasimama.

"Injeniya, gari zitapita mbio, sawa. Na sisi wa miguu? Na wenye kusukuma chukudu, baiskeli zao za mbao, na mizigo yao? Tutapita juu ya mabati?"

Sali nzima ikacheka. Injeniya akanigeukia. "Shefu, unasemaje?"

Mimi nilizoea kupima, si kuhutubia. "Injeniya, tukibishana hapa hatumalizi. Tutandaze kamba barabarani, kila mutu aone kwa macho yake."

Asubuhi yake tukatandaza: njia mbili za gari, nafasi ya chukudu na miguu, mitaro ya maji pande zote mbili. Lori la Papa Muhindo likapita bila kusimama, chukudu zikapita ubavuni mwake. Ila mbele ya nyumba ya Mama Kavira ilikosekana hatua moja. Akatazama kamba, akatazama ukuta wake wa mawe ya volkano.

"Hatua moja? Hiyo naitoa," akasema, akang'oa jiwe la kwanza kwa mikono yake.

Majirani wakaja na nyundo, wakiimba. Injeniya akavua koti, akabeba mawe pamoja nasi. Plani ya njia nne hatukuiona tena; barabara ikajengwa kwa kufuata kamba zetu.

Leo niko nyumbani Keshero, nimepumzika kazi. Vijana wa vipimo wakiniuliza siri ya kazi, nawaambia: muulizeni kwanza anayepita kwa miguu. Na mvua kubwa ikinyesha, wenzangu wanakimbilia ndani; mimi navaa buti, napanda pikipiki mpaka Murara kutazama mitaro. Mke wangu anasema nimezeeka vibaya.

Lakini maji yanapita, jamani. Yanapita vizuri!